Rupia Iliyopigwa na Radi

Juzi nilikuwa kwa fundi vyuma Ngarenaro, nikisubiri bawaba ya geti langu, walipoingia mzee mmoja wa Olmotonyi na dalali mwenye suti. Dalali akafunua kitambaa chekundu. Ndani mlikuwa na rupia, sarafu ya zamani ya Mjerumani, ukingo umejaa makovu.

"Hayo ni makovu ya radi ya Mlima Meru," akanong'ona kama yuko msibani. "Ndiyo maana ina nguvu ya kuvuta mali."

Mzee alishauza ng'ombe wawili ili ainunue. Akamwomba fundi aihakiki.

Fundi aliipachika kwenye jiriwa yake ya kubania vyuma. Kila kovu likakaa kwenye jino lake.

"Radi haina meno, mzee. Hii ilibanwa kwenye jiriwa."

Mzee akamgeukia dalali. "Kumbe radi ilipitia kwenye jiriwa?"

"Umeona sasa? Chuma huvuta radi."

Mzee akatoa bahasha ya pesa, akampa. Aliyekwisha kuuza ng'ombe hatafuti ukweli, anatafuta wa kumuunga mkono.

Walipoondoka nikamuuliza fundi kama anamfahamu yule mzee.

"Mwalimu wangu," akasema, akichukua bawaba. "Alitufundisha sayansi."