Sato Wangu Mwenye Chale

Jamani, acha nijicheke kabla hamjanicheka. Kwenye semina ya wachoraji hapa Musoma niliandika lengo langu la mwaka: kuchora tu kile nilichokiona kwa macho yangu. Mimi mtu wa ng'ombe, kwetu Nyamuswa, nikajitia kuanza na samaki, sato wa kitabu cha watoto ninachokichorea picha. Jana nikambandika ukutani, anaogelea ziwani, na mimi kifua mbele.

Bhoke, mchoraji mwenzangu aliyekulia kwa wavuvi, akaisogelea picha.

"Kaka, sato huyu ulimwonea wapi?"

"Nimemwona kwa macho yangu!"

"Mbona anaogelea na chale tatu za kisu ubavuni?"

Ukumbi mzima ukanigeukia. Afadhali kitabu kilikuwa hakijachapwa. Nikakiri: nilimwonea mgahawani, keshakaangwa, amelala pembeni ya ugali.