Supu ya Mtungi Mkubwa

Mtaa mzima ulimwita Mama Nzi, naye aliitika. Hakuwahi kuzaa, wala nzi hakuwafuga. Alifuga mimea inayowala. Chumba cha mbele cha nyumba aliyopanga, ambacho zamani kilikuwa duka la viatu, kilijaa vyungu mia na ushei. Kulikuwa na mitego yenye kope ndefu inayofumba nzi akitua. Kulikuwa na machozi, yaani mimea midogo yenye matone ya gundi yanayong'aa kama umande. Na ilikuwapo mitungi, mimea yenye majani kama vibuyu vinavyoning'inia, kila kimoja na kifuniko chake na maji yake tumboni. Watu walilipa kiingilio kidogo kuitazama. Wengi walitaka kuona nzi akifa, na nzi, kwa ukaidi wake, hafi akitazamwa.

"Mama Nzi, mbona mtego haumli?" waliuliza.

"Hauna haraka. Wewe chakula kingekuwa kinakuja chenyewe mlangoni, ungekimbilia wapi?"

Miaka kumi na tisa alikuwa fundi wa maabara chuoni. Maabara ya mimea ilipofungwa, mwalimu aliyekuwa akiisimamia alimkabidhi chungu kimoja, mtungi mkubwa uliozidi urefu wa mtoto. "Usiupe mbolea, usiupe maji ya bomba," alimwambia. "Huu umezoea dhiki. Ukiutajirisha, umeuua." Mitungi yote mingine ya chumba kile ilikatwa kwenye shina la huo. Mitego na machozi vilivuta watazamaji, lakini wanunuzi walikuja kwa ajili ya watoto wa mtungi mkubwa. Ndio uliolipa pango.

Ndio pia uliomweka mama yake pale. Bibi kizee alikuwa ameanza kusahau. Chai aliiwekea sukari mara tatu, na marehemu aliwaulizia kama waliochelewa kurudi kazini. Kaka yake Mama Nzi, mwenye nyumba kubwa na uwezo wa kuajiri mlezi, alitaka kumchukua.

"Mama hatalelewa na mtu wa mshahara nami ni hai," Mama Nzi alimjibu. "Mimi kazi yangu iko nyumbani. Nashinda naye."

"Sawa, dada. Siku kazi ikikutoa nyumbani, nitakuja na gari. Tusigombane."

Wakaachana hapo.

Mwaka ule, kabla ya mvua za mwisho, mwenye nyumba alipaka bati rangi. Mama Nzi alikinga mvua kama kawaida, mapipa manne, ya kumvusha kiangazi chote. Wiki ya tatu ya kiangazi akaona midomo ya mitungi imekuwa ya kahawia, kama karatasi iliyopitiwa na moto. Mitego ikalegea. Machozi yakakauka. Akatazama juu, akaona lile bati jekundu, na roho ikamwambia: rangi. Asubuhi hiyo hiyo aliyapindua mapipa yote manne kwenye mtaro. Mama yake alisimama mlangoni akitazama maji yakienda.

"Mwanangu, unamwaga maji kiangazi?"

"Yana sumu, mama."

"Haya. Wewe ndiye msomi."

Akaanza kununua maji ya betri, yale safi yasiyo na tindikali, kwa fundi betri wa pembeni.

"Shangazi, una magari mangapi siku hizi?" fundi alimtania.

"Mia moja. Na yote yamezimika."

Fundi alicheka peke yake.

Mimea ikaendelea kufa. Mama Nzi alihamisha taa, akapunguza jua, akachunguza mizizi kwa kioo cha kukuzia. Jumatano moja alitoka kwenda kwa fundi betri, akafika nusu ya njia, akakumbuka ameacha pochi. Alirudi akaingia kwa mlango wa nyuma. Mama yake alikuwa mbele ya rafu, sufuria mkononi, akitia kijiko cha supu katika kila mtungi na kwenye udongo wa kila chungu, taratibu, kama anayenywesha mgonjwa.

"Kunywa," alikuwa akiuambia ule mkubwa. "Mdomo unao wazi kutwa na hakuna anayekuuliza."

Mama Nzi alichovya kidole ndani ya mtungi, akaonja. Chumvi.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu mvua zilipokatika, nilipoona wanakonda. Nawe siku zote maji matupu. Mtoto atakua kwa maji matupu?"

Mama huyu aliwahi kuwalaza wanawe wawili na maji matupu, mwaka ambao hakutaka kuusimulia. Miaka mingine aliisahau, huo hakuusahau.

Alichojua fundi wa maabara ni hiki: chumvi huondolewa kwa kuosha mizizi, kila chungu mara tatu au nne, kwa maji mengi ya mvua. Mapipa manne yangetosha na kubaki. Yalikuwa mtaroni, na mtaro ulikuwa umekauka. Kwa fundi betri kulikuwa na lita kumi na mbili tu. Alirudi nazo akasimama mbele ya vyungu mia moja kama mama mwenye mkate mmoja, kisha akaumwagia mtungi mkubwa zote. Mingine aliigeuzia mgongo.

Siku ya kumi na moja shina la mtungi mkubwa lililainika chini, likainama. Mwisho wa mwezi vilibaki vyungu sita vya machozi, na machozi hayalipi pango.

Alipata kazi ya kuosha chupa katika maabara ya hospitali, ng'ambo ya mji, kutoka alfajiri hadi jioni. Akampigia kaka yake. Kaka hakusema "nilikuambia," na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Gari lilipokuja Jumapili, bibi kizee alikataa kupanda bila mtungi mkubwa. Ulikuwa fimbo kavu kwenye udongo. Mama Nzi aliukung'uta vumbi, akampakatisha.

"Na kijiko," mama alisema.

Akaenda kuleta kijiko.

"Hawa wengine nani atawalisha?"

"Mimi, mama."

"Usiwape maji matupu."

"Siwapi."

Sasa kaka hupiga simu kila Jumapili. Anasema mama anaendelea vizuri, ila kila asubuhi sharti mtungi ule kwanza ndipo naye ale. Kisha humpa mama simu.

"Haunenepi huu," mama hulalamika. "Na supu naupa."

"Utanenepa, mama. Usichoke."

"Sichoki. Wewe umekula?"

Mama Nzi hutazama rafu tupu, na vyungu sita dirishani. "Nimekula," humjibu.