Kona Isiyokuwepo Kinywani mwa Bibi

Kwanza ilikuwa sauti. Tik, tik, tik, nyepesi, kama kuku anayedonoa mchele kwenye sinia. Sikuona kitu, kwa sababu macho yangu yalikuwa yamefunikwa na ncha ya kanga ya dada yangu. Mwanga wa kile kifaa ulikuwa ukinitoa machozi. Kifaa kilitembea juu ya meno yangu, na kila kiliponasa picha kilidonoa. Kikipotea njia kilinyamaza. Hapo nilimsikia dada akisonya, akirudi nyuma kidogo, na kuku akaendelea kula.

Ilikuwa Jumapili alasiri, Kibaha, katika kliniki ndogo ya meno iliyopakana na barabara ya Morogoro. Wagonjwa hawakuwepo. Lori likipita, vyombo vilitetemeka kwenye trei. Dada alikuwa msaidizi wa daktari pale, na mimi, mdogo wake niliyemaliza shule na kusubiri matokeo, nilikuwa kinywa chake. Sikuwa na cheo kingine. Nililala kwenye kiti, nikaachama, naye akajifunza.

Kabla ya hapo, umbo la meno ya mtu lilichukuliwa kwa kumjaza kinywani uji mzito wa rangi ya waridi, ukaachwa ugande, kisha ukang'olewa huku mgonjwa akitokwa na mate na heshima. Skana, kile kifaa kinachodonoa, ilipokuja, uji ukaondoka. Lakini skana nayo ina tabia zake. Inapiga picha ndogo ndogo, na kompyuta inaziunga moja kwa nyingine, kama wanawake wa Kisarawe wanavyounga ukili wa mkeka. Ukikosea kuunga mwanzoni, hutaona kitu. Mkeka utaendelea kukua, utapendeza, na utakapofika mwisho utakuta umekwenda upande. Meno ya bandia yanayotengenezwa kwa picha ya namna hiyo hucheza kinywani.

Daktari alikuwa mama mmoja wa bara, mpole wa sauti, mgumu wa msimamo. Kila Alhamisi alibeba vifaa vyake akaenda kutibu Kisarawe, katika chumba cha kupanga. Alitaka chumba kile kifunguliwe wiki nzima, na alitaka mtu wa kupima kwa skana bila yeye kusimama nyuma yake. Alimwambia dada waziwazi: ukiweza, chumba ni chako, usipoweza, nitatafuta mtu Dar. Dada alirudi nyumbani siku hiyo akasahau kula.

Kipimo chenyewe kilikuwa rangi. Daktari alinipima kwa mkono wake mwenyewe, akaihifadhi ile picha. Kisha dada alipima, na kompyuta ikalaza picha yake juu ya ile ya daktari. Palipolingana paliwaka kijani. Palipopishana paligeuka njano, na palipopishana sana, nyekundu. Siku za mwanzo kinywa changu kilifanana na embe dodo linaloivia upande mmoja. Mama alianza kutupokea mlangoni kwa swali moja tu, kabla hata ya salamu: leo kijani?

Sasa ninapoandika, ninachokikumbuka zaidi si rangi. Ni maneno. Dada hakuwa msemaji. Nyumbani alijibu kwa kichwa. Lakini mtu aliyeachama hawezi kukukatiza, wala kukucheka, wala kukuuliza una maana gani. Basi alinisimulia. Alinisimulia habari za mvulana wa Mlandizi aliyemwandikia ujumbe mrefu kisha akaufuta. Alinisimulia namna alivyoogopa damu mwaka wake wa kwanza kazini, akawa anahesabu vigae vya ukutani. Nilipotaka kusema kitu nilitoa mlio wa kooni, naye alinigonga begani: tulia, unanipotezea njia. Nilijifunza kusikiliza nikiwa nimelala chali, na mate yakinijaa.

Wiki zilivyopita, mkono wake ukawa mwepesi. Alianzia magegoni, akapita juu ya meno yote, akarudi kwa ndani upande wa ulimi, akamaliza kwa nje upande wa shavu. Nina jino moja la chini lililopanda mgongoni mwa mwenzake. Pale alikunja kiwiko, akainamisha kifaa, akapita kama mtu anayejua palipo na shimo uani kwao. Kuku hakunyamaza tena. Kinywa changu kizima kikawa shamba la kijani, na dada akaanza kupima huku akiangalia dirishani.

Ndipo akaletwa bibi, mama yake baba, kutoka Kisarawe. Magego yake ya chini yalikuwa yameng'olewa kushoto, na alitaka meno ya kuziba pengo. Daktari akasema huyo ndiye mtihani. Tulimwamkia, akaitikia marahaba kwa kuivuta, kisha akatutania kama kawaida yake. Mimi nilikuwa mume wake, dada mke mwenzake.

"Mke mwenzangu," alisema akipanda kitini, "ukinitoboa ulimi nani atakutukana?"

Daktari alipima kwanza. Dada akafuata, haraka, mkono ukitiririka. Alipofika kwenye pengo, kuku akanyamaza. Ufizi mtupu hauna alama. Ni laini, unafanana na wenyewe kila mahali, na skana haijui imefika wapi. Bibi naye alikuwa akimeza mate na kutaka kuuliza jambo. Dada akarudi, akaunga, akaendelea, akafika mbele. Hapo nikaona kiwiko chake kikikunjika. Kifaa kikainama kupisha jino lililopanda, na kinywani mwa bibi halikuwepo jino la namna hiyo.

Picha zikalazwa. Mbele palikuwa njano, na pengo lote jekundu.

Daktari hakupandisha sauti. "Umekata kona," alisema. "Hapa hakuna kona. Hiyo ni ya mdogo wako."

Dada alitazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Daktari akamweleza taratibu kwamba mazoezi yamempa kasi, na kasi si kosa, ila amejifunza kinywa kimoja kwa moyo akadhani amejifunza vinywa. Akampa mwezi. Bibi, ambaye hakuelewa mambo ya skana ila alielewa mjukuu wake ameshindwa, aliufuta mdomo kwa kanga akasema atarudi, hana safari nyingine.

Dada akaacha kunipima. Kila Alhamisi alifuatana na daktari hadi Kisarawe, kwenye baridi ya vilimani, na saa za mchana wagonjwa walipopungua aliomba watu wamwazime vinywa. Nilikwenda naye kumshikia bomba la kunyonya mate. Shangazi alikuja akitafuna tambuu, akaambiwa akasukutue, akasukutua, akarudi na kisahani kingine cha tambuu mkononi. Fundi cherehani alikuwa na pengo dogo katikati ya meno ya mbele, mahali anapobania sindano. Karani mmoja alitapika kila kifaa kilipogusa nyuma. Mama mmoja wa Marui aliuliza kama picha itamwonesha anacheka, kwa sababu kama ni hivyo angevaa hereni.

Mkono wa dada ukawa mzito tena. Aliacha kutazama dirishani. Kabla ya kuanza alikaa kitambo akichungulia tu, akikausha, akiuliza kwa vidole ulimi unalala wapi. Kwenye ufizi mtupu alijifunza kushika jino la karibu kwanza kwenye picha, kisha kutoka nalo polepole, asiliache mpaka apate lingine. Nyekundu ikapungua, ikarudi, ikapungua.

Hakuongea. Vile vinywa vilikuwa vya wageni, na mbele ya wageni hakusimulia chochote. Nilisimama pembeni na bomba langu, nikisubiri habari za yule mvulana wa Mlandizi, na sikuzipata. Nilitamani arudie kukosea kidogo, Jumapili moja tu. Sikumwambia.

Bibi alirudi Alhamisi ya mwisho. Dada alipima taratibu, bibi akatulia kama yuko kwenye dua, na picha zilipolazwa paliwaka kijani kutoka mwanzo hadi mwisho, pamoja na pengo. Daktari aliikuza ile picha, akaigeuza huku na huku, akaituma maabara Dar. Meno yalipokuja yalikaa bila kucheza. Bibi akang'ata muhogo wa kuchoma mbele yetu, akatafuna kwa upande wa kushoto, akatangaza kwamba mke mwenza mwenye faida ni huyu.

Siku ileile ya muhogo alikuwepo mzee mmoja kwenye baraza ya kile chumba cha Kisarawe, hatukumjua, amejishika shavu. Dada alimwita ndani. Mzee akaketi, akaachama. Nikainua bomba.

Daktari alikuwa amesimama mahali pake pa siku zote, nyuma ya bega la dada. Akachukua mkoba wake.

"Nakwenda kunywa chai," alisema. Kisha akanitazama. "Na wewe, njoo. Bomba atashika mwenyewe."

Dada hakugeuka, alikuwa ameinama, akichungulia, akiuliza kwa vidole. Nilitundika bomba mahali pake nikatoka. Daktari akanifuata, akauvuta mlango nyuma yake mpaka ukafungika.