Gari Lililovaa Ngozi Kwenda Boma la Arusha

Tuliondoka Kikatiti kwa sababu ya magurudumu. Wakati huo wa Mwingereza barabara ya kutoka Moshi kwenda Arusha ilikuwa imetengenezwa upya, imemwagiwa kokoto na kusawazishwa, na Bwana Shauri wa Arusha, yaani mkuu wa wilaya, ambaye alikuwa bado mgeni, aliipenda kama mtu anavyopenda kanzu mpya. Akatoa amri kwamba gari la ng'ombe lenye chuma kwenye magurudumu lisionekane juu yake, kwa kuwa chuma kinachimba mifereji. Mwenye gari atafute mpira, au alale ndani.

Aliyetengeneza magurudumu hayo alikuwa jirani yetu, Kaburu mmoja tuliyemwita Bwana Gerti. Alikuja kutoka kusini tangu enzi za Mjerumani, akajenga karakana yake chini ya barabara, pale babu yangu alipokuwa akichungia mbuzi. Hilo la mbuzi naliacha, maana leo nasimulia safari. Kila gurudumu la mbao lililovikwa chuma kuanzia Usa mpaka kwetu lilitoka mikononi mwake, na amri ilipotangazwa, nyundo ya karakana ikanyamaza. Mimi nami nilikuwa na gari, nililolipata kwake likiwa limechakaa, nikawa nachukua kahawa na ndizi za watu wa mlimani kuzipeleka Arusha. Likabaki uani, kuku wakataga ndani yake.

Asubuhi moja Bwana Gerti alipanda mpaka kwangu. Nikampa kiti, hakukaa.

"Anaeli, mimi nakwenda boma. Mimi nataka sema na hii mtoto ya Bwana Shauri. Wewe nakuja na mimi."

"Kwa nini mimi, Bwana?"

"Wewe iko gari. Wewe najua Kiswahili mzuri. Kiingereza mimi hapana sema."

Hilo halikuwa geni. Huko kusini Makaburu walipigana vita na Waingereza wakashindwa, na tangu aje kwetu hakuna aliyemsikia Bwana Gerti akitamka neno moja la Kiingereza. Mwingereza akimsalimu njiani, alijibiwa kwa Kiswahili. Sote tulijua kwamba lugha ile haijui.

Mke wangu alisikiliza akiwa jikoni, na mgeni alipoondoka akaniambia, "Nenda. Lakini mtu mkali kama yule anaweza kukurudisha na pingu. Usifungue mdomo kabla hajafunga wake."

Saa kumi na mbili asubuhi ya siku iliyofuata nilimkuta karakanani akifunga maksai. Nilidhani tutapita porini ili tuikwepe barabara, kumbe mwenzangu alikuwa amelowesha ngozi mbichi za ng'ombe na kuzishona kuzunguka magurudumu yote manne. Akapiga moja teke, akaridhika.

"Sheria nasema chuma hapana gusa barabara. Chuma yangu nagusa ngozi."

Tukaingia barabarani kweupe. Gari lilikwenda kimya kama mtu aliyevaa makubazi, ila lilinuka, na mbwa wa kila mji tuliopita walitoka kutusindikiza. Jambo lililonitia hofu zaidi ni maksai wa mbele kulia, mvivu kuliko wote, ambaye Bwana Gerti alikuwa amempa jina la Mwingereza. Njia nzima ilikuwa, "Mwingereza, vuta. Mwingereza, wewe mvivu, wewe nakula bure." Nikamwomba angalau tukikaribia mjini ambadilishie jina. Akasema ng'ombe huyo ni mzee na hawezi kujifunza jina jingine.

Maji ya Chai, kabla ya adhuhuri, tulimkuta askari darajani. Alitusimamisha kwa mkono, akainama kulitazama gurudumu, akalipapasa, akanusa vidole vyake.

"Mzee wangu," akaniuliza, ingawa tulikuwa rika moja, "mimi nimeambiwa nikamate magari ya chuma. Hili limevaa nini?"

"Viatu," nikasema.

Akafikiri. Ilikuwa wazi kwamba amri aliyopewa haikutaja viatu. Wakati bado anafikiri, maksai wakaanza kusogea, na Bwana Gerti akapaza sauti, "Mwingereza, simama hapo."

Askari aliruka, akabana visigino, akapiga saluti kuelekea nyuma yetu. Hapakuwa na mtu isipokuwa mbwa. Alipoishusha saluti yake hakutaka tena kuuliza maswali, akatupungia tupite. Mto ule ulikuwa unapita chini yetu na rangi yake ya chai ya rangi, na mimi nilicheka mpaka nikashuka kwenye gari.

Tengeru tulifika jioni, tukafungua maksai kwenye majani karibu na mji wa binamu yangu. Alitupa ndizi na maziwa, akamkaribisha Bwana Gerti ndani. Bwana Gerti akashukuru, akasema atalala chini ya gari lake. Ndipo tulipojua kosa letu: mbwa walikuwa wamengoja nafasi, na asubuhi gurudumu moja la nyuma lilikuwa uchi, ngozi yake imeliwa. Kwa hiyo hatua ya mwisho tuliimaliza magurudumu ya upande mmoja yakiwa barabarani na ya upande wa lile lililo uchi yakienda ukingoni kwenye nyasi, gari limeinama kama mtu anayesikiliza mlangoni.

Mchana tukavuka Themi. Bwana Gerti akabaki mtoni na maksai, maana hoteli ya mjini ilikuwa ya Waingereza na kwake hilo lilitosha. Mimi nikatembea mpaka Levolosi kwa Bwana Athumani, mwenyeji wangu wa siku zote. Alikuwa mtu wa Pangani, mkalimani wa boma, mpole, mwenye kofia safi kila siku. Mkewe, Bi Mwanaisha, alizoea kupokea ndizi zangu na kunilipa kwa wali wa nazi.

"Ndizi zimepotea mwezi mzima, shemeji," akasema. "Nilidhani mmehamia Moshi."

Nikawaeleza yote, na Athumani akatikisa kichwa. "Bwana Shauri huyu ana hasira za karibu. Juzi Mgiriki mmoja alipiga meza, akatolewa nje hata kabla sijatafsiri. Na huyo Kaburu wako ataanza na matusi."

"Ataanza nayo na kumaliza nayo," nikasema.

"Basi usihofu. Sufuria ya moto hushikwa kwa kitambaa, na kitambaa ni mimi."

Ndipo nikatoa lililokuwa moyoni. Nilijua Bwana Gerti ataomba njia kwa ajili ya magari ya wazungu tu, maana ndivyo walivyozoea kufikiri. Njia ikifunguliwa hivyo, sisi wa mlimani tutazidi kufuga kuku kwenye magari. Athumani akavua kofia yake, akaikung'uta. Kutafsiri kwa upole ni jambo moja, kuongeza neno ambalo halikusemwa ni jingine, na kibarua chake kilikuwa hapo.

Bi Mwanaisha akampakulia mumewe wali. "Kitambaa kikiwa tayari kina viraka vingi," akasema, "kiraka kimoja zaidi kitaonekana wapi?"

Athumani akanawa, akaanza kula. Sikujua ameamua nini.

Kesho yake saa tatu tuliingia boma. Bwana Shauri alikuwa kijana mwekundu, ameketi nyuma ya meza kubwa, na sisi hatukupewa viti. Bwana Gerti hakungoja kuulizwa.

"Sema kwa yeye: barabara hii mimi nalima na ng'ombe kabla mama yake nazaa yeye. Yeye hapana akili. Yeye nataka sisi nabeba mahindi kwa kichwa?"

Athumani akainama kidogo, akaanza Kiingereza chake. Kilikuwa kirefu na laini, kama sala ya kufungua ibada. Uso wa Bwana Shauri, uliokuwa umekunjwa, ukalegea. Akajibu maneno machache bila kututazama.

"Bwana anasema," Athumani akatuambia, "anaona jinsi unavyoipenda kazi yako."

Bwana Gerti akatoa sauti ndani ya pua, akaendelea. Alisema mpira wa magari ni upuuzi wa watu wavivu. Alisema kanali aliyepigana naye kusini alikuwa na masikio kama ya Bwana Shauri. Athumani akatafsiri, na Bwana Shauri akatabasamu, akaagiza tuletewe viti. Kila tusi lilipoingia, ukarimu ulitoka. Mwisho Bwana Gerti akasema, "Yeye nakata njia ya ng'ombe kando ya barabara, na daraja nakuwa wazi kwa gari ya wazungu. Basi."

Athumani akatafsiri. Kisha akaongeza. Mimi sikujua Kiingereza, lakini niliona urefu wa maneno ukizidi, na nikashika ukingo wa kiti changu. Bwana Gerti alikuwa anatazama dirishani.

Bwana Shauri akafikiri, akaandika, akasema. Athumani akatugeukia. "Njia ya ng'ombe itakatwa kando ya barabara. Magari ya chuma yatapita humo, na kwenye madaraja pia. Ya kila mtu, mzungu na mwenyeji."

Bwana Gerti akanitazama muda kidogo. Kisha akasimama, akampa Bwana Shauri mkono, tukatoka.

Tukarudi njia ile ile mpaka Tengeru. Hapo Bwana Gerti akaanza kucheka peke yake, mabega yakitikisika.

"Athumani nasema kwa yeye, mimi namheshimu kama mtoto wangu mwenyewe. Nasema, mimi kila Jumapili naomba Mungu kwa ajili ya barabara yake. Na ile mtoto nasema nini? Nasema, huyu mzee nanuka kama ng'ombe yake."

Nilisimama njiani. Maksai wakaendelea bila mimi, ikabidi nikimbie.

"Bwana unasikia Kiingereza?"

"Mama yangu nakufa katika kambi yao, wakati ya vita. Mimi naapa, mdomo yangu hapana sema lugha ile." Akagusa sikio kwa mpini wa mjeledi. "Hii hapana apa."

Basi alikuwa amesikia yote, na lile neno tuliloongeza pia. Tulipita Maji ya Chai, askari yule yule akatazama kando, na mimi nikakusanya moyo nikamuuliza kwa nini hakulikataa pale pale.

"Mimi nakataa, yeye najua mimi nasikia lugha yake. Miaka yote hii mimi naficha. Furaha hiyo mimi hapana mpa yeye."

Akampigia kelele Mwingereza avute, tukaendelea mpaka karakanani.

Nilijifunza nini? Kwamba mtu asiyesema lugha ya wakubwa usimhesabu kuwa haisikii. Lakini juu ya Bwana Gerti sijui hata leo kama njia ile tuliipata kwa wema wake au kwa kiapo chake. Ilikatwa baada ya mvua. Niliwatoa kuku, nikapakia ndizi, na nilipopita mbele ya karakana alitoka akalitazama gurudumu langu la kushoto, akaniambia linalegea, nilirudishe Jumatatu.