Nani Aruhusiwe Kuvunja Kimya

Pale Konyo Konyo, soko kubwa la Juba, ukishawapita wauza vitunguu na kabla hujawafikia washona viatu, kuna kibanda cha mabati cha rangi ya bluu. Ndani utamkuta mwanamke mnene kiasi, miwani imemshuka puani, anaikagua simu ya mtu kwa jicho la mama mkwe. Huyo ndiye Eseza. Usimpelekee simu iliyopasuka kioo, atakufukuza mchana kweupe. "Mimi si wa vioo," atakwambia. "Mimi natengeneza ndani."

Na kweli alitengeneza ndani. Simu mpya hutoka dukani na uchafu wake: michezo ambayo hukuiomba, programu za kuuza bidhaa zisizofika Juba, arifa zinazoshuka kutoka juu ya skrini kila dakika kukuambia mambo yasiyokuhusu. Eseza alifagia yote hayo. Bibi asiyejua kusoma alimpangia skrini ya mwanzo yenye picha tatu tu, kubwa kubwa: uso wa binti, uso wa mjukuu, uso wa padri. Anagusa uso, anaongea. Karani mmoja alifichiwa mchezo wa karata nyuma ya alama ya kikokotoo, na mkubwa wake mpaka leo anamsifu kwa kupenda hesabu.

Lakini waliompenda hasa ni madereva wa malori ya barabara ya Nimule, ile inayotoka Juba hadi mpaka wa Uganda. Dereva anataka ramani, simu na redio, basi. Hataki zile nyuso za duara zinazoelea juu ya ramani kila shemeji anapotuma salamu. Eseza aliziondoa, akakuza maandishi, kisha akaiwekea simu amri ya Usinisumbue: gari likianza kwenda, simu inajinyamazia yenyewe. Wenyewe waliziita simu za Eseza, simu tulivu.

Sasa simu ikinyamaza kabisa nayo ni hatari, na hapo ndipo Eseza alikuwa na kanuni yake. Kabla ya kumaliza kazi alimtazama mteja machoni, akamuuliza: "Nani aruhusiwe kuvunja kimya?" Mteja ataje mwenyewe, kwa kinywa chake. Eseza aliandika kila jina, kisha akaisoma orodha yote kwa sauti, hata watu wakiwa wamejaa kibandani. Dereva Lukudu, mtu wa kabila la Bari wa hapa hapa Juba aliyekulia ukimbizini Uganda, alitaja jina la mkewe, akakohoa, akataja la mwanamke mwingine. Eseza aliandika yote mawili wala nyusi hazikusogea. Simu ya mtu ni nyumba yake, alisema, na mlango hupangwa na mwenye nyumba.

Kanuni nzuri. Ni mtu mmoja tu ambaye hakumuuliza.

Wasswa alikuwa mdogo wake, kitinda mimba, aliyezaliwa pacha. Mwenzake Kato aliruka akiwa mchanga. Waganda hawasemi pacha amekufa, husema ameruka. Mama yao akabaki na cheo cha Nnalongo, mama wa mapacha, pamoja na mtoto mmoja wa kukionyesha. Unaweza kukisia jinsi mtoto huyo alivyolelewa. Alipofika Juba kuendesha lori, Eseza alikwisha kuwa na kibanda na nyumba ya kupanga mtaa wa Gurei, na alimpokea kana kwamba ametumwa dukani akapotea njia. Alimfulia. Alimchagulia kanisa. Mwaka jana Wasswa aliponunua simu mpya, Eseza aliichukua wakati yeye anakula, na kabla sahani haijaisha simu ilikuwa tayari. Orodha ilikuwa na majina mawili: Mama na Eseza.

Kundi la madereva hakulitia. Madereva wote wa barabara ile wana kundi moja la kuonyana njia ikiharibika, na wote walikuwa wamelitia kwenye orodha zao. Lakini kundi hilo pia lilijaa vichekesho na video za wanawake wasio na aibu, na Eseza aliona mdogo wake hahitaji. Akafunga hata ule mlango mdogo ambao simu humwachia mtu anayepiga mara mbili mfululizo, maana marafiki wa Wasswa wasingeshindwa kupiga mara mbili. "Namjua huyu," alijisemea. Huyu alikuwa na miaka thelathini na mitatu.

Mwezi wa pili Nnalongo alifariki, wakaenda kwao Masaka, Uganda, kumzika. Dada wengine waligawana magauni yake ya gomesi. Eseza aliomba laini ya simu tu. Aliirudisha Juba katika kikopo cha peremende, akakiweka kibandani, na kila mwezi aliitia kwenye simu ndogo ya tochi na kuiongezea salio kidogo, isije ikafungwa ikapewa mtu mwingine. Hakumwambia Wasswa. Aliona haya, na alikuwa na uchungu ambao hakutaka kuugawana na mtu.

Mwezi wa nne kijana wa pikipiki alimpora simu yake njiani. Eseza akanunua laini mpya, akawatangazia watu wote namba mpya, Wasswa naye akaihifadhi. Kuihifadhi namba ni jambo moja, kuitia kwenye orodha ni jambo lingine, na hilo Eseza aliwakumbusha wateja wake kila siku. Kwa mdogo wake halikumjia kichwani hata mara moja. Mganga hajigangi.

Jumanne moja, mchana, Lukudu alikuwa kibandani anarekebishiwa ramani, lori lake likiwa gereji. Simu yake ilipiga kelele mkononi mwa Eseza. Ilikuwa sauti ya dereva mmoja kwenye kundi, anahema: wenye bunduki wameingia barabarani mbele ya Nesitu, gari limeshachomwa, waliotoka Juba wote wasimame Nesitu, asipite mtu.

Lukudu alisimama. "Wasswa iko wapi?"

"Ametoka si muda mrefu. Anarudi Nimule na gari tupu."

"Pigia yeye sasa hivi, dada."

Eseza akapiga. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, na tena. Lukudu naye akapiga kwa simu yake.

"Huyu mtu hasikii?" Lukudu aliuliza. "Simu yake si wewe ulitengeneza? Kundi si liko ndani?"

Eseza aliiona ile orodha kichwani kama alivyoiandika: Mama, na namba ya simu iliyoporwa. Kazi yake ilikuwa njema, haikuwa na kasoro. Simu ya Wasswa ilikuwa inaita kimya kimya kwenye kishikio chake mbele ya usukani, wala skrini haionyeshi anayepiga, na yeye anatazama ramani safi na kwenda mbele. Eseza aliogopa kuliko alivyopata kuogopa maishani.

Ndipo akakumbuka kikopo.

Alikifungua vibaya, laini ikaanguka vumbini, Lukudu akapiga magoti akaiokota na kuipuliza. Eseza akaitia kwenye simu ya tochi. Simu ilitafuta mtandao. Ilitafuta, ilitafuta, na Lukudu akawa anasema polepole, "Ya Rabi, ya Rabi." Mtandao ukashika. Eseza akapiga.

Alijua kinachotokea upande wa pili, kwa kuwa alikipanga mwenyewe. Ramani inaondoka. Skrini nzima inajaa uso wa Nnalongo anamenya karanga, anacheka, na mlio unatoka kwa nguvu zote.

Iliita mara nne.

"Mama?"

Sauti haikuwa ya mwanamume. Ilikuwa ya mtoto aliyeamshwa usingizini. Wasswa akarudia, sasa analia: "Mama?"

"Wasswa, ni mimi, Eseza. Simama. Simama hapo hapo, rudi Nesitu."

Alisikia breki zikilia, kisha pumzi za mtu. Wasswa alisema anaona moshi mbele, na laini ikakatika.

Alirudi Nesitu akiwa mzima. Wenzake walimwita mtu mwenye bahati, na Lukudu alisimulia habari ya ile laini soko zima, huku akimwita Eseza malkia. Eseza aliwapikia majirani pilau la shukrani. Pilau hilo lilipikwa mapema mno.

Wasswa alikuja kibandani Ijumaa. Hakukaa. Aliweka simu mezani, akasema kwa Kiganda chao cha nyumbani, "Dada, fungua huko unakoficha vitu. Soma simu zilizopigwa."

Eseza akafungua. Zake zilikuwepo, za Lukudu zilikuwepo. Chini ya hizo, kabla hata ya onyo la kundi, jina moja lilikuwa limejipanga mara kumi na moja: Ivan. Ivan alikuwa dereva mwenzake Wasswa, rafiki yake wa chapati moja, ambaye siku ile alitangulia kwa nusu saa. Lori lililochomwa lilikuwa lake. Alhamisi waliupitisha mwili wake mpakani kuupeleka kwao Masindi.

"Utingo wake alikimbilia porini, akapona," Wasswa alisema. "Ameniambia yote. Mtu wa boda boda aliwasimamisha akawaambia mbele kubaya. Ivan angegeuza gari pale pale. Akasema, ngoja kwanza, Wasswa yuko nyuma yetu. Akapiga. Utingo akamwambia tugeuze. Akasema, huyu hashiki, ngoja nijaribu tena. Wenye bunduki wakawakuta hapo hapo." Aliigusa simu kwa kidole. "Mara kumi na moja, dada."

Eseza alivua miwani. "Nisamehe," alisema. "Nisamehe, mwanangu."

"Mimi si mwanao. Nina miaka thelathini na minne. Kila mtu anayekuja hapa unamuuliza. Mlevi unamuuliza. Mimi hukuniuliza."

Hakupaza sauti, na hilo lilimuumiza Eseza zaidi. Nje muuza chai alikuwa anasuza bilauri, na mtu alikuwa anabishana bei ya sabuni. Eseza alivaa tena miwani, akafungua mipangilio, akafuta orodha yote. Kisha akamtazama mdogo wake machoni kama alivyowatazama wateja wote.

"Nani aruhusiwe kuvunja kimya?"

Wasswa alifikiri. "Kundi la barabara."

Akaandika.

"Lukudu. Na bosi."

Akaandika.

"Ivan."

Kidole kilisimama. "Wasswa..."

"Andika."

Akaandika Ivan.

"Mama."

Akaandika Mama, na herufi zikamchezea machoni. "Mwingine?"

Wasswa alitazama juu, kwenye mabati. Eseza alingoja. Angeweza kutaja jina lake mwenyewe, kwa mzaha, kama dada. Angeweza kuliandika asimwambie, na kwa kidole kimoja tu. Alingoja mpaka akaona aibu kungoja.

"Basi," Wasswa alisema. "Ni hao."

Kwa hiyo aliisoma orodha kwa sauti, kama ilivyo kanuni: kundi la barabara, Lukudu, bosi, Ivan, Mama. Wasswa akaitikia kwa kichwa. Aliichukua simu, akaifuta kwa shati, akatoka mpaka mlangoni, na hapo akasimama bila kugeuka.

"Ile laini ya Mama," alisema, "usiiache ikafungwa."

Kisha akaenda zake upande wa maegesho. Eseza alitoa kikopo cha peremende, akahakikisha laini imo, akakifunga, na mteja aliyekuwa akingoja nje akaingia na simu yake.