Siku Nilipomchonga Mama

Nilikuwa bado mtoto, meno ya mbele hayajaota yote, nilipomchonga mama yangu kwenye Jiwe la Watu. Jiwe hilo liko nyuma ya shamba la bibi yangu, mzaa mama, upande wa Singida. Limejaa watu na wanyama waliochongwa na watu wa kale, hakuna ajuaye walikokwenda. Bibi alitukataza: mtu aliye hai hachongwi pale. Ukimchonga, jiwe linamshika, akisafiri harudi.

Mimi nilisikia nusu tu, ile niliyoitaka: jiwe linamshika. Kesho yake mama alikuwa anaondoka kwenda Dubai kufanya kazi za ndani, na mimi sikutaka aende. Nikachukua msumari, nikamchonga kichwa, gauni na mikono miwili mirefu. Nilikazana mpaka vidole vikachubuka.

Bibi alinikuta. Hakunipiga. Alipiga magoti akasugua gauni lile kwa mchanga na maji, lakini msumari ulikuwa umeshaingia.

"Usimwambie mama yako," alisema. "Aondoke na amani."

Mama akaenda. Mwaka wa pili aliugua ghafla, na tukaletewa habari kwamba amefariki na ameshazikwa huko huko. Nililia nikisema ni mimi niliyemuua. Bibi akanishika mabega.

"Siyo wewe, mjukuu wangu. Mchoro wako niliufuta. Msafiri huombewa pale jiweni kwa unga na maji, na mimi nikapitiwa. Nilaumu mimi."

Nami nikamlaumu! Mungu anisamehe, neno lile nililidaka kwa mikono miwili. Tuliishi nyumba moja miaka tisa, nami sikumpa hata salamu. Alipofariki nilikuwa shule ya bweni. Sikulia.

Sasa niko Dubai mwenyewe, nafua na kupiga pasi kwenye duka la dobi, Al Qusais. Makaburi alikozikwa mama hayako mbali. Ijumaa moja, baada ya kusoma dua nje ya ukuta wa makaburi hayo, nilimpigia mama mdogo kijijini, nikamwambia kwamba kama bibi angemwombea mama, leo angekuwa hai.

Akaniuliza, "Nani kakwambia hakuomba? Tangu dada aondoke, bibi yako alikwenda jiweni kila alfajiri. Sisi unga tuliukosa, jiwe halikuukosa."

Nilikaa chini pale pale, jua la saa saba likiniwakia. Mkenya ninayeishi naye chumba kimoja, aliyenisindikiza, akanivuta mkono. "Yalla, twende, utaungua hapa."

Siamini tena kwamba jiwe lilimshika mama. Karatasi za hospitali zilisema ni moyo. Kinachoniuma ni yule mzee, aliyefiwa na binti yake, akakubali kuchukiwa na mjukuu ili mimi nipate usingizi. Mwakani nina likizo. Kaburi lake liko kando ya shamba, nami naogopa kwenda, maana sijui mtu anamwamkiaje aliyemnyima shikamoo miaka tisa.