Jikoni Niko Kenya, Sebuleni Niko Uganda

Nyumba ya mama yangu iko Malaba mpakani, upande wa Kenya wa mto. Ukisimama dirishani unaona foleni ya malori yakingoja kuvuka. Nilirudi humo baada ya Mama kupigwa na kiharusi. Kampuni iliyoniajiri, ya kusafirisha mizigo, iko Nairobi, na bosi alikubali shingo upande nifanyie kazi nyumbani.

"Tutajaribu tu, tuone," aliniambia.

Neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Kitu cha kujaribiwa kinaweza kukataliwa wakati wowote, na mimi sikuwa na mpango mwingine.

Kazi yenyewe ni ya kompyuta. Naingiza karatasi za mzigo kwenye mfumo, nahakikisha ushuru umekamilika, kisha natoa ruhusa, na dereva anapata ujumbe wa kumwambia aondoke na apeleke mzigo wapi. Mtu akiingia kwa jina langu anaweza kulielekeza lori zima la mafuta ya kupikia kwenye bohari ya wezi, na dereva asishuku lolote. Kwa hiyo Nairobi walikuwa wakali, na sikuwalaumu kwa hilo.

Walinipachikia vitu viwili kwenye kompyuta. Cha kwanza ni kidoti cha kijani kando ya jina langu. Nikiigusa kompyuta kinabaki kijani. Nikiiacha kinakuwa njano, halafu kijivu, na bosi anaona kwamba mfanyakazi wake amezembea. Cha pili kilichungulia niko nchi gani. Nikionekana nje ya Kenya, akaunti inajifunga yenyewe kwenye kompyuta hiyo.

Sasa, yeyote aliyeishi mpakani anajua kwamba simu zetu hazina uraia. Sebuleni, anapolala Mama, mnara wa ng'ambo una nguvu kuliko wetu. Laini inaruka mto bila pasipoti na ujumbe unaingia: Karibu Uganda. Kuna siku nilikaribishwa Uganda mara nyingi kuliko nilivyokaribishwa chai. Jikoni, karibu na gunia la makaa, mtandao wa Kenya unashika vizuri, ingawa hata huko huponyoka mara mojamoja. Basi meza yangu ikawa jikoni na Mama akabaki sebuleni, kwa sababu kitanda chake hakikupita kwenye mlango. Niliupima mlango ule. Nikaupima tena nikiwa na hasira, kana kwamba hasira ingeupanua.

Na Mama alihitaji kugeuzwa. Upande wake mmoja ulikuwa umekufa ganzi, na mgonjwa wa namna hiyo akilala upande mmoja mchana kutwa, ngozi inaanza kuchubuka na kuoza. Muuguzi wa hospitali ya Alupe alinionyesha namna ya kumshika: mkono begani, mkono kiunoni, kisha unamvuta kwako taratibu. Msichana tuliyemtoa Angurai aje kunisaidia hakumaliza wiki. Alisema Mama ni mzito. Dada yangu ameolewa Marachi na ana mapacha wanaonyonya. Aliyebaki ni mimi.

Kwa hiyo sikukaa. Nilikaa na kuinuka, nikakaa na kuinuka. Nikiwa kwa Mama, masikio yako jikoni. Nikiwa jikoni, moyo uko sebuleni. Nilijifunza kumlisha uji kwa mkono wa kulia huku mguu mmoja ukiwa mlangoni, tayari kukimbilia kile kidoti kabla hakijabadilika. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, nami nilikuwa nimezishika zote mbili kwa kucha. Malori niliyoyapa ruhusa niliyaona kwa macho yangu yakipita dirishani, kazi imekwisha, lakini Nairobi hawakutazama malori. Walitazama kidoti.

Mama alikuwa akiligeuza jambo hilo kuwa mzaha. Mdomo ulimwenda upande, lakini utani haukumtoka.

"Leo uko Kenya ama Uganda?" angeniuliza nikiingia mbio.

"Nikiwa kwako niko Uganda, Mama."

"Basi niletee ndizi," angesema, na kucheka kwa nusu ya uso iliyobaki.

Akaunti ilipojifunga, aliyenifungulia alikuwa fundi wa kompyuta wa kampuni, mwanamume ambaye sijawahi kumwona kwa macho. Nilimjua kwa sauti tu. Alinipigia mara nyingi mno hata tukazoeana, na kila mara alianza vilevile: "Sema dada, mathe anaendeleaje?" Siku ya kwanza alimsikia Mama akikohoa nyuma ya simu, na tangu hapo hakuacha kuuliza. Baada ya salamu ndipo aliposema, "Haya, umetoroka tena. Kuja nikurudishe Kenya."

Asubuhi moja simu ililia, namba ngeni. Nilikuwa tayari nimefungiwa, lori liko langoni, dereva ananitumia ujumbe juu ya ujumbe.

"Madam, ni IT hapa. Naona system imekutupa Uganda tena. Kuna code imeingia kwa simu yako, nisomee haraka nikurudishe."

Sikushangaa. Kilichonipata kila wiki kingenishangaza vipi? Nami, kama mawakala wengine wa forodha hapa mpakani, nilikuwa nimelalamika kwenye kundi letu la WhatsApp jinsi tunavyotupwa Uganda. Kundi lile lina watu wengi, na nusu yao hatuwajui. Hilo nililifikiria baadaye. Wakati ule nilifungua ujumbe, zile namba zikawa mbele ya macho yangu, na mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka.

Hapo Mama akagonga. Alikuwa na kijiko alichogongea chuma cha kitanda akitaka kugeuzwa.

"Ngoja kidogo, Mama ananiita," nikasema.

"Mama atangoja. Code inaexpire, soma kwanza."

Mama atangoja! Damu ilinichemka. Huyo ni nani wa kuniambia mama yangu angoje? Nilikata simu bila kuaga, nikaenda sebuleni, nikamgeuza Mama. Nikiwa bado nimemshika begani ndipo wazo liliponijia: mtu yule hakumuulizia. Fundi wangu hawezi kuanza bila kumuulizia.

Nilimpigia. Akaniuliza mathe anaendeleaje. Nikamweleza yaliyotokea.

"Mimi sijakupigia leo," akasema. "Umesoma ile code?"

"Sijasoma."

"Mungu ni mkubwa."

Alitazama upande wake. Mtu alikuwa amepata neno langu la siri, hatujui kutoka wapi, na alikuwa ameshalijaza. Zilibaki zile namba tu, aingie. Na mfumo haukumkemea, haukumfungia, kwa sababu mwizi alikuwa amekaa zake Nairobi, mahali panapofaa. Mimi, niliyekuwa jikoni kwa mama yangu, ndiye niliyefungiwa kama mgeni. Nilicheka, kisha machungu yakanipanda, na sikujua nimrushie nani.

Niliandika ripoti mwenyewe, sikuficha neno. Bosi akanijibu kwamba nimefanya vizuri sana. Siku chache baadaye ulikuja waraka kwa wafanyakazi wote. Kwa kuwa wezi sasa wanawalenga walio nyumbani, kila mtu arudi ofisini mwezi ukiisha. Mfano uliotolewa ulikuwa wangu, bila jina. Kweli, asante ya punda ni mateke.

Nilimpigia bosi.

"Ofisini ungeinua kichwa tu, uulize mtu wa desk ya kando kama IT wamepiga," akaniambia, bila ukali. "Huko uko peke yako."

"Siko peke yangu, boss. Niko na mama yangu. Ndiye aliyewaokolea lori."

"Naelewa," akasema. "Lakini siwezi kuandika hivyo kwa policy."

Hakudanganya. Kweli ningeinua kichwa, ningeuliza. Nilitembea jikoni hadi sebuleni, sebuleni hadi jikoni, hadi Mama akachoka kunitazama.

"Leo uko Kenya ama Uganda?"

"Wananitaka Nairobi, Mama. Kabisa."

Hakucheka. Alitazama dirisha, foleni ikisogea kidogo, turniboi mmoja, msaidizi wa dereva, akikimbia na kigingi cha gurudumu mkononi. Nilidhani ataniomba nisiende, na niliogopa kuombwa kuliko kitu kingine chochote.

"Enda," akasema. "Kazi ni kazi. Lakini kwanza nigeuze."

Nikaweka mkono begani, mkono kiunoni, nikamvuta kwangu taratibu. Alikuwa mwepesi kuliko zamani, sikuwa nimeona. Jikoni kompyuta ilitoa ule mlio wake wa kunionya kwamba kidoti kinakuwa njano. Mguu wangu ulijiandaa wenyewe kukimbia, nikauzuia.

"Eyalama," Mama akasema, asante kwa Kiteso, akafumba macho.

Kidoti kilikuwa kijivu nilipokwenda kuandika barua ya kuacha kazi.